Kugonga Mzinga

Kwanza alimpima kichwa kwa futi ya fundi cherehani:
toka mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogo,
toka sikio hadi sikio,
akitia alama kwa kalamu nyekundu
kama anayekata suruali.
Kisha nyaya. Ishirini na moja,
nilizihesabu mara mbili kwa kukosa kazi.
Gundi ilinuka rangi ya kucha.

Baba angecheka.
Mtu aliyepanda miyombo ya Ipole miaka arobaini kichwa wazi,
nyuki wakimtambaa shingoni,
leo kavishwa kilemba.

Moyo wake ulisimama Jumanne, hapa Tabora mjini,
kwenye mizani ya ushirika, ndoo ya tatu mkononi.
Karani alikuwa anasema, "Kilo ishirini na..."
Hesabu ile haijamalizwa mpaka leo.
Masesa, kijana wa kufunga mizigo,
alimkandamiza kifua mpaka ubavu ukalia,
akabadilishana na mlinzi, akarudi tena.
Moyo ulirudi.
Mwenyewe hakurudi nao.

"Dawa ya usingizi tumeikata tangu jana alfajiri,"
akasema daktari Kalunde,
"isije ikalala yeye tukadhani amelala mgonjwa.
Leo tunasikiliza.
Lakini kipimo kimoja si hakimu, mama. Kuna mboni, kuna damu,
kuna kesho."

Nje ya mlango baba mdogo Mihambo ana swali moja tu:
anasikia au hasikii?
Watu wa Ipole wanataka kujua
waje na uji au waje na majembe.

Mistari ikaanza kupita kwenye kioo.
Bapa. Bapa. Kishindo.
Bapa, ndefu kama reli ya kwenda Mpanda.
Kishindo.
"Hii bapa ni nini?"
"Kimya," akasema Sizya, fundi wa mashine.
"Na hivi vishindo?"
Akakuna kidevu.
Nilimpenda kwa sababu hakunidanganya.

Mzinga ukiwa juu mtini haufunguliwi ovyo.
Unaugonga kwa kifundo cha kidole,
sikio umelibandika kwenye gome.
Wakiwemo, watanguruma.
Ukikuta kimya usitangaze kwamba wamehama:
pengine ni baridi,
pengine moshi wako mwenyewe umewalevya.
Maneno hayo ni ya baba, mimi nayabeba tu.

Sizya akapiga makofi karibu na sikio. Bapa.
Akambana ukucha kwa kalamu; nikafumba macho mimi,
yeye aliyebanwa hakukunja uso.
"Mwite. Kwa sauti anayoijua."
"Mwangaluka, baba."
Mistari yote ikaruka! Yote, juu chini,
kama kundi lililochokozwa.
Nikapiga kelele, muuguzi akaja mbio.
Sizya hakutazama kioo. Alitazama mkono wangu.
"Umeshika kitanda, dada."

Ilikuwa mimi.
Kutetemeka kwangu, kumeandikwa kichwani mwake.

Niliuondoa mkono, nikaukalia.
Sijui tulikaa kiasi gani. Treni ililia stesheni,
mtu akasukuma toroli la chakula,
harufu ya mchicha ikapita ikaenda zake.
Kisha nikainuka, bila kugusa kitanda,
nikagonga kabati la dawa kwa kifundo,
mara tatu, ya mwisho ikichelewa,
kama yeye.

Bapa.
Kisha kitu kidogo, upande wa kushoto,
mkunjo tu, kama kitambaa kilichokaliwa.
Sizya akasogeza kiti.
Akaandika: saa tano na dakika nne, kugonga.
Baada ya hapo kalamu ilisimama hewani.
"Kuna kitu?"
"Kuna kitu. Au kuna feni."

Akanyoosha mkono, akaizima.
Joto la Oktoba likaingia chumbani likasimama nasi.
Kwa mbali nikasikia viatu vya baba mdogo koridoni,
vinakwenda, vinarudi.
Sizya akarekebisha waya mmoja juu ya sikio,
taratibu, asimwamshe,
halafu akaona alichofanya, akatabasamu kwa aibu.

"Gonga tena," akasema.